Baada ya Matanga: Karatasi za Mjane na Mgane, Moja Baada ya Nyingine

Swali huwa ni lile lile, na huja karibu wakati ule ule. Hema zimekunjwa, viti vimerudishwa kanisani, wageni wa Nairobi wamepanda basi, na mtu amebaki na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. "Nianzie wapi?" Nimeulizwa hivyo Kondele, nikaulizwa Ahero, nikapigiwa simu kutoka Njoro na Mbale. Mimi si wakili. Ni mjane niliyezunguka ofisi hizi miaka miwili na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa narekebisha makosa ambayo ningeyaepuka kama mtu angenikalisha chini wiki ya kwanza. Basi kaa, nikueleze. Nikisema mjane, mgane naye yumo. Mwanamume aliyefiwa na mke hupanga foleni zile zile.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mali ya marehemu iko mafungu mawili: ile inayopita mahakamani na ile isiyopita. Ya kwanza usiiguse mpaka karatasi ikupe mamlaka. Ya pili usiingojee mahakama, kwa sababu karo haingojei. Karibu kila mtu niliyemwona akikwama alichanganya mafungu haya.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Nakala za kitambulisho cha marehemu, mbele na nyuma, angalau kumi. Zitoe leo. Ukienda kuchukua kibali cha mazishi, kitambulisho chenyewe hubaki kwa msajili. Mimi nilikitoa bila nakala hata moja, na namba niliyoikumbuka kichwani ilikuwa na tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Namba sahihi niliipata wiki tatu baadaye, imeandikwa kwa penseli nyuma ya kitabu chake cha zamani cha Sacco.
- Kitambulisho chako, na PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), yako na yake.
- Cheti cha ndoa. Kama mlioana kimila na hamkusajili, tafuta picha za siku ya mahari, majina ya wazee waliokuwepo, na ujiandae kula kiapo cha ndoa hiyo mbele ya kamishna wa viapo.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote.
- Hatimiliki, logibuku, kadi za benki, vitabu vya Sacco na chama, karatasi za bima, na hati yake ya mwisho ya mshahara. Hiyo ya mshahara usiidharau: makato yake yanakuonyesha Sacco gani, bima gani na mkopo gani ulikuwepo, hata kama hakuwahi kukutajia.
- Simu yake na laini yake. Iwe na chaji, na itiwe salio mara moja moja ili isifungwe. Soma jumbe zilizomo, kwa sababu benki na Sacco huandikia simu ile. Lakini usitoe pesa kwa namba yake ya siri. Nitarudi hapo.
- Daftari. Kila ofisi unayoingia andika tarehe, jina la aliyekuhudumia na alichokuambia ulete. Siku ukiambiwa "nani alikwambia hivyo?" utakuwa na jibu.

Hatua zenyewe

1. Taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Akifia hospitalini, hospitali hujaza fomu ya D1. Akifia nyumbani, naibu chifu wa eneo hujaza D2. Fomu hii ndiyo mama wa karatasi zote zitakazofuata, kwa hiyo isome kabla hujaondoka dirishani. Linganisha kila herufi na kitambulisho. Kama kitambulisho kinasema "Awuor" na karani ameandika "Awor", mwombe arekebishe hapo hapo, hata kama foleni inanung'unika nyuma yako. Kosa hilo leo ni dakika mbili. Likifika mahakamani ni hati ya kiapo na safari kadhaa.

2. Cheti cha kifo. Huombwa kwa msajili wa vizazi na vifo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Huduma Senta watakusaidia kama mtandao unakusumbua. Usilale. Kifo kisiposajiliwa ndani ya miezi sita kinakuwa usajili wa kuchelewa, wenye maswali mengi zaidi. Kikitoka, toa nakala nyingi na uzithibitishe kwa wakili. Cheti chenyewe usimwachie mtu yeyote: waonyeshe, walinganishe na nakala, urudi nacho.

3. Barua ya chifu. Hapa ndipo mambo mengi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mahakama hutaka barua ya chifu anayeijua familia ya marehemu, ikitaja aliowaacha. Kama mlikuwa mkiishi Nakuru lakini boma liko Siaya au Vihiga, uwe tayari kwa safari ya nyumbani. Nenda na mzee wa kijiji na mtu mmoja mzima wa upande wa marehemu.

   Barua itaje wote: wake wote kama walikuwa zaidi ya mmoja, watoto wote, wavulana kwa wasichana, walioolewa na wasioolewa, na wale aliozaa nje ya ndoa. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, haimtofautishi binti na kijana, wala haimwondoi binti kwa sababu ameolewa. Barua yangu ya kwanza ilimwacha binti ambaye mume wangu alimzaa kabla hatujaoana. Shemeji alisema, "Huyo ni wa kwao," nami nikanyamaza kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Miezi saba baadaye mama yake akafika mahakamani na cheti cha kuzaliwa mkononi. Alikuwa na haki, na sisi tukaanza upya. Kifungu cha 76 kinaruhusu mahakama kufuta mamlaka yaliyopatikana kwa kuficha jambo la maana, na kumficha mtoto ni jambo la maana.

   Na hili niliseme wazi, maana huku kwetu huulizwa kwa sauti ya chini. Hakuna chifu, mzee wala shemeji mwenye haki ya kukuambia barua itatoka ukikubali kurithiwa. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Kinyumbani ya 2015 inataja kumrithi mjane kwa nguvu kuwa unyanyasaji. Mila naiheshimu na mwenye kuifuata kwa hiari yake simhukumu. Barua ya chifu ni haki yako hata hivyo.

4. Fuata kwanza pesa zisizopita mahakamani. Ukiwa na cheti cha kifo na barua ya chifu, unaweza kuanza hapa mara moja.

   Mafao ya pensheni ya kazini si sehemu ya mirathi. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Uzeeni kinasema wadhamini wa mfuko huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Mwandikie mwajiri barua, uombe orodha ya kila stahili: mshahara wa siku alizofanya kazi, siku za likizo, pensheni, bima ya kikundi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nao wana mafao ya warithi. Wapelekee madai yao kivyao, usidhani mwajiri amekupelekea.

   Sacco hulipa kwa jina lililoandikwa kwenye fomu ya mrithi. Omba kuiona. Wengi waliijaza kabla ya kuoa, na jina lililopo ni la mama yake au la kaka. Hilo likitokea usigombane dirishani. Omba jibu la maandishi na umwone wakili. Uliza pia kuhusu mchango wa mazishi kwa wanachama, maana wengi husahau kuudai. Bima ya maisha huenda vivyo hivyo: jina lililo kwenye sera ndilo hulipwa.

   Shamba au nyumba mliyoandikishwa nyote wawili kama wamiliki wa pamoja nalo halihitaji mirathi. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, unapeleka uthibitisho wa kifo kwa msajili wa ardhi, jina lake linaondolewa na wewe unabaki mmiliki. Lakini soma hatimiliki vizuri. Ikionyesha kila mmoja ana hisa yake, mfano nusu kwa nusu, basi nusu yake huingia kwenye mirathi.

5. Waarifu benki, na uulize kuhusu mkopo. Benki ikipata habari ya kifo hufunga akaunti iliyo kwa jina lake peke yake. Watu huogopa hilo, ndiyo maana hukimbilia ATM usiku ule ule. Usifanye hivyo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kujishughulisha na mali ya marehemu bila mamlaka, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Zaidi ya adhabu, unawapa wakwe silaha: taarifa ya benki itaonyesha tarehe na saa ya kila noti uliyotoa. Pesa zilizo kwenye simu nazo ni mali ya mirathi kama za benki. Nenda dukani kwa kampuni ya simu na cheti cha kifo, uulize wanahitaji karatasi gani kwa kiasi kilichomo.

   Kuhusu mkopo, uliza hivi, kwa maandishi: "Je, mkopo huu ulikuwa na bima ya kifo?" Mikopo mingi ya benki na Sacco huwa nayo, na bima ndiyo hulipa salio. Nimemwona mama mmoja akilipa mkopo wa marehemu miezi mitano kutoka kwa biashara yake ya omena, kumbe bima ilikuwepo tangu mwanzo. Na deni lisilo na bima hulipwa na mali ya marehemu. Si lako, isipokuwa ulitia sahihi kama mdhamini au mkopaji mwenza.

6. Fungua mirathi mahakamani. Utasikia makarani wakiita "saksesheni", na karatasi inayotoka, ile ya kukupa mamlaka ya kusimamia mali, wakiiita "granti". Mali yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikizwa na hakimu, kulingana na cheo chake: hakimu mkazi huishia milioni 5, hakimu mkuu ndiye hufika 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, ambayo iko Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji mingine ya huku. Kwa Waislamu, Kadhi ndiye wa kumwendea.

   Kama hakuna wosia, ombi ni fomu P&A 80, pamoja na hati ya kiapo ya P&A 5 na ridhaa ya warithi wengine, P&A 38. Karani atakuambia kama wadhamini wanahitajika. Ambatanisha cheti cha kifo, barua ya chifu, na sachi ya kila shamba, yaani karatasi ya msajili wa ardhi inayoonyesha limeandikwa kwa jina la nani. Tangu 2024 mahakama zote hupokea kesi kwa mtandao. Saiba nyingi karibu na mahakama hufanya kazi hiyo, ila nenosiri la akaunti libaki kwako, si kwa mwenye saiba. Wosia ukiwepo, anayeombwa kusimama ni yule aliyetajwa ndani yake kuutekeleza, na fomu ni nyingine.

   Kifungu cha 66 kinamweka mume au mke aliyebaki mbele ya wote katika kupewa usimamizi. Lakini kama watoto bado ni wadogo, mahakama hutaka wasimamizi wasiopungua 2. Mchague mwenzako kwa makini: ndiye mtakayetia sahihi pamoja kwa miaka. Mimi nilimchagua dada wa marehemu, mwalimu mstaafu asiyeogopa kumwambia kaka yake hapana.

   Kisha tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na mwenye pingamizi ana siku 30. Hakikisha mwenyewe kwamba limechapishwa. Faili nyingi hulala hapo kwa sababu kila mtu anadhani mwingine anafuatilia.

7. Thibitisha granti. Granti ya kwanza hukuruhusu kukusanya na kulinda mali, kulipa madeni. Haikuruhusu kuuza shamba. Anayekushawishi umuuzie "kwa makubaliano ya wakili" kabla ya kuthibitishwa anakutia mashakani, naye anapoteza pesa zake. Miezi 6 ikipita tangu granti kutolewa, unaomba ithibitishwe kwa fomu 108, ukionyesha nani anapata nini, pamoja na ridhaa yao kwa fomu 37. Ukijumlisha yote, hata pasipo ugomvi, jiandae kwa karibu mwaka.

   Kuhusu mgao: mke au mume mmoja aliyebaki pamoja na watoto hupata vyombo na vitu vya nyumbani moja kwa moja. Mali iliyosalia anaitumia maisha yake yote, baadaye inawaendea watoto kwa usawa. Kuitumia si kuiuza. Ardhi ya namna hiyo haiuzwi bila idhini ya mahakama. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, kifungu cha 40 hugawa kwa nyumba, kila nyumba ikihesabiwa watoto wake na mke aliye hai akiongezwa kama mtu mmoja. Nyumba ya mke na watoto wanne ni watano. Ya mke na mtoto mmoja ni wawili. Mali inagawanywa kwa saba.

8. Hamisha majina. Peleka granti iliyothibitishwa kwa msajili wa ardhi wa kaunti lilipo shamba, na kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen kwa gari au pikipiki. Benki nayo hufungua akaunti hapa. Kisha KRA: msimamizi wa mirathi ndiye humalizia ritani za marehemu na kuomba PIN yake ifungwe.

Ukikwama

*Majina hayalingani.* Kitambulisho kina majina matatu, hatimiliki ina mawili, na moja ni la ubatizo. Hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ikiungwa mkono na barua ya chifu, hutosha mara nyingi. Iandike ikitaja kila namna jina lilivyoandikwa, ili usirudie kwa kila ofisi.

*Shamba bado liko kwa jina la baba mkwe au babu.* Huku magharibi hili ni la kawaida kuliko hatimiliki iliyo safi. Huwezi kurithi kutoka kwa mumeo kitu ambacho sheria bado inakiona ni cha baba yake. Inafunguliwa mirathi ya mzee kwanza, nawe unaingia kwa niaba ya nyumba ya mumeo, pamoja na watoto wake. Usikubali kauli ya "tutagawana tu kinyumbani". Mipaka ya katani na miti ya ojuok inahamishwa usiku mmoja. Jina kwenye rejista halihamishwi hivyo.

*Shemeji amekodisha shamba au anakata miti.* Piga picha zenye tarehe, piga ripoti kwa chifu na polisi ukitaja kifungu cha 45, kisha uombe zuio liwekwe kwenye rejista ya ardhi ili lisiuzwe. Fanya kwa mpangilio huo na wiki hiyo hiyo.

*Mke mwingine amejitokeza kwenye matanga.* Inauma, najua. Hata hivyo usimfiche kwenye barua ya chifu. Mahakama ndiyo itapima kama alikuwa mke, na wewe utakuwa umesimama upande wa ukweli.

*Alikufa kwa ajali ya barabarani.* Chukua ripoti ya polisi ya ajali mapema. Madai ya fidia yana muda wa miaka 3 tangu kifo, na mahakama inaweza kukupa granti ya muda kwa ajili ya kesi hiyo tu, bila kungoja mirathi kamili. Jihadhari na watu wanaokufuata mochari wakiwa na fomu za kutia sahihi.

*Sina pesa za wakili.* FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iko huko pia. Kama mali ni ndogo, muone Mdhamini wa Umma katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Anaweza kuisimamia bila wewe kufungua kesi. Nenda na barua ya chifu na cheti cha kifo.

*Nashuku alikuwa na akaunti au hisa ambazo sizijui.* Tafuta jina lake na namba ya kitambulisho katika tovuti ya Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Akaunti zilizolala miaka mingi hupelekwa huko, na warithi wanaruhusiwa kuzidai. Tafuta kwa kila namna jina lake lilivyowahi kuandikwa, pamoja na ile ya ubatizo.